Chama cha Labour na Malipo ya Wazee: Ufa Uleule Mara Tatu

Chama kinaposhinda uchaguzi kwa wingi mkubwa wa viti, watu hudhani kwamba viongozi wake watatawala kwa raha kwa muda wa miaka kadhaa. Mambo yaliyotokea Uingereza kati ya Julai 2024 na Julai 2025 yalionyesha kinyume chake. Chama cha Labour kilishinda uchaguzi wa tarehe 4 Julai 2024 kwa kupata viti 411 katika Bunge lenye viti 650. Kabla ya mwaka kutimia, Waziri Mkuu wake, Keir Starmer, alikuwa amekwisha kurudi nyuma mara mbili mbele ya wapiga kura na wabunge wake mwenyewe. Mara zote mbili jambo lililomrudisha nyuma lilikuwa la namna moja, yaani malipo ya wazee, wagonjwa na walemavu.

Tunalileta jambo hili mbele ya wasomaji wetu walio kambini na vituoni kwa sababu mbili. Kwanza, askari wa jeshi na askari polisi ni watumishi ambao sehemu ya ujira wao hulipwa baadaye, wakati nguvu zimekwisha. Pensheni si zawadi bali ni mshahara uliowekwa akiba kwa neno la serikali. Pili, katika historia ya Uingereza ugomvi juu ya malipo ya wanyonge umefuatana mara kwa mara na ugomvi juu ya gharama za majeshi. Askari hutajwa katika mabishano hayo pasipo yeye mwenyewe kuulizwa.

Hatusemi kwamba serikali haina haki ya kupunguza matumizi yake. Hakuna nchi inayoweza kutumia fedha isiyokuwa nayo. Tunalosema ni kwamba chama cha Labour kimepasuka mara tatu juu ya jambo hili, nalo pasuo halikutokana na ukubwa wa fedha iliyokusudiwa kuokolewa. Lilitokana na namna ya kuiokoa: kuanza na walio chini, kutowaambia watu mapema, na kutumia amri mahali palipohitaji hoja.

MWAKA 1931

Ufa wa kwanza ulitokea mwaka 1931. Labour ilikuwa serikalini tangu Juni 1929, ikiwa na viti 287 ambavyo havikutosha kuipa wingi Bungeni. Msukosuko mkubwa wa uchumi ulikuwa umewaacha Waingereza zaidi ya milioni mbili na nusu bila ya kazi, na mfuko wa kuwalipa posho ulikuwa umekauka. Kamati ya Sir George May, mtu aliyetoka katika biashara ya bima, ilitoa taarifa yake tarehe 31 Julai 1931. Ilitabiri upungufu wa pauni milioni 120 katika hazina, ikashauri posho ya wasio na kazi ipunguzwe kwa asilimia 20.

Wenye mabenki wa nchi za nje walitaka kuona kwanza matumizi yamepunguzwa ndipo waikopeshe serikali. Baraza la Mawaziri lilijadili punguzo la asilimia 10. Usiku wa tarehe 23 Agosti mawaziri 11 waliliunga mkono na 9 walilikataa. Waziri Mkuu, Ramsay MacDonald, aliona kwamba hawezi kuongoza baraza lililogawanyika namna hiyo. Siku ya pili yake aliunda serikali mpya pamoja na vyama vilivyokuwa vikimpinga. Chama chake kilimfukuza. Uchaguzi ulipofanyika tarehe 27 Oktoba, Labour iliambulia viti 52 tu, na hata Arthur Henderson, aliyeshika uongozi baada ya MacDonald, alipoteza kiti chake.

Na fedha yenyewe ilikuwa kiasi gani? Mwanamume asiye na kazi alikuwa akipata shilingi 17 kwa wiki, akapunguziwa hadi shilingi 15 na peni 3. Kwa waziri, shilingi moja na peni 9 ni kitu kidogo. Kwa mtu mwenye shilingi 17 tu, hiyo ndiyo iliyokuwa tofauti baina ya mkate na njaa.

Punguzo hilo halikuishia kwa wasio na kazi. Mishahara ya walimu, polisi na majeshi nayo ilikatwa. Wanamaji wa manowari zilizokuwa zimetia nanga Invergordon, katika Scotland, walipata habari hizo katika magazeti kabla ya kuelezwa ipasavyo na wakubwa wao. Waliposoma waliona kwamba maofisa wangepunguziwa kiasi cha asilimia 10, ilhali baharia wa kawaida aliyeajiriwa kwa viwango vya zamani angeshuka kutoka shilingi 4 hadi shilingi 3 kwa siku, yaani asilimia 25. Tarehe 15 na 16 Septemba 1931 mabaharia wa manowari kadhaa walikataa kung'oa nanga.

Sisi hatuwasifu kwa kitendo hicho. Utii ni uti wa mgongo wa jeshi, na jeshi linalochagua amri za kutii si jeshi tena. Lakini ni wajibu wetu kueleza jinsi mambo yalivyofikia hapo. Wanamaji wale walikuwa watu waliozoea taabu. Kilichowachoma ni kuona mzigo mzito zaidi umewekwa juu ya mabega ya wadogo, na kuusoma mzigo huo gazetini kama habari za watu wengine. Serikali ilitangaza baadaye kwamba hakuna atakayekatwa zaidi ya asilimia 10, ingawa baadhi ya mabaharia walifukuzwa kazini. Tarehe 21 Septemba Uingereza iliacha utaratibu wa kuifungamanisha pauni na dhahabu, utaratibu uleule ambao makato yote yale yalikusudiwa kuulinda.

MWAKA 1951

Ufa wa pili ulitokea miaka 20 baadaye, nao unawahusu askari kwa karibu zaidi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mnamo Desemba 1942, William Beveridge alitoa taarifa yake maarufu juu ya bima ya taifa, pensheni na matibabu. Askari walioko vitani waliipokea kwa shauku kubwa, kiasi kwamba Wizara ya Vita ilipotoa kijitabu cha kuwaelezea mpango huo, ilikiondoa mara, ikihofia kuwa ni jambo la ubishi wa kisiasa. Mwaka 1945 Labour ilichaguliwa kwa wingi mkubwa, na tarehe 5 Julai 1948 Aneurin Bevan, Waziri wa Afya, alianzisha huduma ya matibabu ya bure kwa watu wote.

Kisha vikazuka vita vya Korea. Mnamo Januari 1951 Waziri Mkuu, Clement Attlee, alitangaza mpango wa kutumia pauni milioni 4,700 kwa silaha katika miaka mitatu. Waziri wa Fedha, Hugh Gaitskell, alisoma bajeti yake tarehe 10 Aprili. Ndani yake aliweka malipo kwa meno ya bandia na miwani, vitu ambavyo mpaka hapo vilikuwa vikitolewa bure. Akiba iliyotarajiwa kwa mwaka ule ilikuwa pauni milioni 13.

Msomaji alinganishe mwenyewe pauni milioni 13 na pauni milioni 4,700. Bevan alisema kwamba mpango wa silaha ni mkubwa mno kuliko uwezo wa viwanda vya nchi, na kwamba hakuna haja ya kuuvunja msingi wa matibabu ya bure kwa ajili ya tone lile. Gaitskell alijibu kwamba fedha haina budi kuwa na mpaka, na kwamba bajeti ileile iliwapa baadhi ya wastaafu nyongeza, kutoka shilingi 26 hadi shilingi 30 kwa wiki. Hoja yake haikuwa ya mtu asiyejali wazee. Aliamini kwamba mwenye miwani anaweza kuchangia ili mwenye umri mkubwa aongezewe.

Wakati wa ubishi huo Attlee alikuwa amelazwa hospitalini kwa vidonda vya tumbo. Ernest Bevin, mzee wa chama ambaye huenda angaliweza kuwapatanisha, alifariki tarehe 14 Aprili. Chama kilikosa mtu wa kukaa katikati. Bevan alijiuzulu tarehe 22 Aprili, akafuatwa na Harold Wilson na John Freeman. Katika uchaguzi wa Oktoba 1951 Labour ilipata kura nyingi kuliko Wahafidhina, milioni 13.9 dhidi ya milioni 13.7, lakini ikapata viti 295 dhidi ya 321. Ilikaa nje ya serikali miaka 13.

Jambo la kuzingatiwa ni hili. Winston Churchill aliposhika madaraka alikiri Bungeni kwamba mpango ule wa silaha hauwezi kutimizwa kwa muda uliopangwa. Kwa hiyo silaha hazikupatikana zote, na umoja wa chama ulikuwa umekwisha kuvunjika. Kambi ya Bevan na kambi ya Gaitskell ziliendelea kupigana mpaka Gaitskell akachaguliwa kuwa kiongozi mnamo Desemba 1955, na hata baada ya hapo makovu hayakufutika.

MWAKA 2024 NA 2025

Sasa turudi kwenye ufa wa tatu. Tarehe 29 Julai 2024, siku 25 tu baada ya uchaguzi, Waziri wa Fedha, Rachel Reeves, alitangaza kwamba malipo ya kuwasaidia wazee kupasha nyumba zao joto wakati wa baridi hayatatolewa tena kwa wote. Malipo hayo yalikuwa pauni 200 au 300 kwa kila nyumba. Kuanzia hapo yangepewa wale tu waliokuwa wakipokea ruzuku za watu wenye kipato kidogo. Wazee kiasi cha milioni 10 walipoteza haki hiyo, na hazina ilitarajia kuokoa pauni bilioni 1.4 hivi kwa mwaka.

Serikali ilieleza kwamba watangulizi wake wameiachia pengo la pauni bilioni 22, na kwamba kuna wazee matajiri wasiohitaji msaada huo. Maelezo hayo yalikuwa na ukweli ndani yake. Lakini mstari ulichorwa chini mno, na wengi walioachwa nje hawakuwa matajiri hata kidogo. Aidha, katika kampeni hakuna mzee aliyeambiwa kwamba akiipigia Labour kura malipo yake yataondolewa. Bunge lilipitisha uamuzi huo tarehe 10 Septemba kwa kura 348 dhidi ya 228, lakini ushindi wa Bungeni haukuwa ushindi mitaani.

Kabla ya hapo, tarehe 23 Julai, wabunge saba wa Labour walikuwa wamesimamishwa uanachama wa kundi la chama Bungeni. Kosa lao lilikuwa kupiga kura ya kutaka kuondolewa kwa sheria inayoinyima familia posho kwa mtoto wa tatu na wanaomfuata. Uongozi ulitaka kuonyesha kwamba nidhamu itakuwa kali. Lakini bajeti ya Novemba 2025 ya serikali hiyohiyo ilitangaza kuiondoa sheria hiyo kuanzia Aprili 2026. Wale saba waliadhibiwa kwa kusema mapema jambo ambalo wakubwa wao walikuja kulisema baadaye.

Tarehe 1 Mei 2025 ulifanyika uchaguzi mdogo wa Runcorn na Helsby pamoja na uchaguzi wa mabaraza ya mitaa. Labour ilipoteza kiti kile kwa chama cha Reform UK kwa tofauti ya kura 6 tu, na wabunge wengi walirudi kutoka mitaani wakieleza kwamba kila mlango waliobisha walisikia habari ya baridi ya wazee. Tarehe 9 Juni serikali ilitangaza kuyarudisha malipo kwa wastaafu wenye kipato kisichozidi pauni 35,000 kwa mwaka, yaani wazee kiasi cha milioni 9. Fedha nyingi iliyokusudiwa kuokolewa ikawa imetoweka, ila chuki iliyotokana nayo haikutoweka.

Hata hivyo somo lilikuwa halijaingia. Mnamo Machi 2025 Waziri wa Kazi na Pensheni, Liz Kendall, alikuwa ametoa mpango wa kupunguza posho za walemavu na wagonjwa, ili ifikapo mwaka 2030 ziokolewe pauni bilioni 5 kwa mwaka. Muswada ulipofika Bungeni, wabunge wa Labour zaidi ya 120 walitia saini hoja ya kuuzuia. Vicky Foxcroft, aliyekuwa mmoja wa wanadhimu wa chama, yaani wale ambao kazi yao ni kuwafanya wengine watii, alijiuzulu kwa sababu dhamiri yake haikumruhusu kuwahimiza wenzake wapige kura hiyo. Serikali ililegeza mara ya kwanza, ikaahidi kwamba waliokwisha kupata posho hawataguswa. Tarehe 1 Julai, mjadala ukiendelea, ililegeza mara ya pili, ikakiondoa kifungu chenyewe kilichobishaniwa. Muswada ulipita kwa kura 335 dhidi ya 260, na hata hivyo wabunge 49 wa chama tawala waliukataa. Baada ya majuma mawili wabunge wanne walisimamishwa.

BUNDUKI NA BLANKETI

Katikati ya mambo haya lilikuwapo suala la ulinzi. Tarehe 25 Februari 2025 Starmer alitangaza kwamba matumizi ya ulinzi yatapanda hadi asilimia 2.5 ya pato la taifa ifikapo mwaka 2027. Fedha hiyo ingetokana na kupunguza misaada kwa nchi za nje kutoka asilimia 0.5 hadi asilimia 0.3. Anneliese Dodds, waziri aliyehusika na misaada, alijiuzulu siku tatu baadaye. Uamuzi huo haukumgusa Mwingereza peke yake. Zahanati na miradi katika sehemu nyingi za Afrika, pamoja na nchi zetu za mashariki, imekuwa ikitegemea kwa kiasi fulani fedha hiyo.

Hatuwezi kusema kwamba hofu ya Waingereza juu ya usalama wao ilikuwa ya bure. Vita vya Ukraine vilikuwa vimeingia mwaka wa nne, na nchi isiyojilinda haiwezi kumlinda mzee wake. Wala hatuwezi kusema kwamba gharama za uzeeni ni ndogo. Pensheni ya serikali ya Uingereza hupandishwa kila mwaka kwa kufuata kilicho kikubwa kati ya vitu vitatu: kupanda kwa bei, kupanda kwa mishahara, au asilimia 2.5. Kuanzia Aprili 2025 pensheni mpya kamili ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki. Umri wa kuipata, uliokuwa miaka 66, ulipangwa kupanda hadi 67 kati ya mwaka 2026 na 2028. Wazee wanaongezeka na wanaishi muda mrefu zaidi. Hesabu hiyo ni ngumu kwa serikali yoyote.

Lakini tunakataa hoja moja inayosemwa kwa sauti ya chini, kwamba blanketi la mama mzee ndilo adui wa bunduki ya mwanawe. Askari ana mama. Akijeruhiwa vitani, yeye mwenyewe ndiye mlemavu wa kesho, na akisalimika ndiye mzee wa kesho kutwa. Anapoona jinsi taifa linavyomtendea mnyonge wa leo, anasoma humo barua ya kwake mwenyewe. Mwaka 1931 serikali ilidhani kwamba inapunguza posho ya wasio na kazi na kurekebisha mishahara, kumbe ilikuwa inaigusa imani ya watu waliokuwa wakilinda pwani yake.

SOMO KWETU

Wazee wa nchi zetu wanaijua habari hii kwa upande mwingine. Askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walipigana Burma chini ya bendera ya Uingereza. Walirudi nyumbani miaka ileile ambayo London ilikuwa ikiandika sheria za bima na pensheni kwa ajili ya wananchi wake. Kiinua mgongo walichopewa kilipimwa kwa rangi ya ngozi, na Mwafrika alipata kidogo kuliko Mzungu aliyepigana kando yake. Wengi wao hawakupata pensheni yoyote. Kwa hiyo tunapoitazama Uingereza hatutazami mwalimu wa haki, bali nchi iliyojifunza kwa taabu kwamba ahadi ya uzeeni huhesabiwa na walioahidiwa hata pale mwenye kuahidi anapoisahau.

Katika nyufa zote tatu tunaona mambo yanayorudiarudia. Walioguswa kwanza walikuwa wale ambao hawana njia nyingine: asiye na kazi, mwenye meno mabovu, mzee katika chumba cha baridi, mlemavu asiyeweza kujivika. Habari ziliwafikia kama pigo, si kama shauri. Na wenzao ndani ya chama waliosema "tungoje kidogo" walihesabiwa kuwa wakaidi, ingawa mwaka 1951 na mwaka 2025 matukio yaliwapa haki baada ya muda mfupi.

Wasomaji wetu wanaielewa nidhamu kuliko watu wengi. Wanajua kwamba kamanda mwema anaweza kuamuru mgawo wa chakula upunguzwe, na kikosi kikavumilia bila ya manung'uniko, endapo sahani ya kamanda nayo imepunguzwa na sababu imeelezwa kabla ya njaa kuanza. Wanajua pia kwamba amri hiyohiyo ikitolewa na mtu ambaye sahani yake imejaa, itatiiwa kwa mikono tu. Chama cha siasa hakina hata nguvu ya sheria za kijeshi. Kikipoteza imani ya wafuasi wake, wanadhimu wake hawawezi kuirudisha, kama alivyotambua yule mnadhimu aliyeweka chini kazi yake mwenyewe.

Serikali yoyote itakayotaka kupunguza malipo ya uzeeni, mahali popote, itapaswa kwanza kuwaeleza watu wakati wa kuomba kura na si baada ya kuzipata. Itapaswa kuwaonyesha kwamba walio juu wamebeba zaidi. Na itapaswa kuwaacha wale waliokwisha kuahidiwa wakae na ahadi yao, kwani mtu wa miaka 80 hawezi kurudi nyuma akaanza kuweka akiba upya. Ahadi ni deni, na deni la mzee halina muda wa kungojea.